Umepata Mtoto wa Gredi ya Sita Lambwe? Fuata Hatua Hizi

Ndugu mzazi, hongera, na pole. Mwanao ameingia Gredi ya Sita hapa Lambwe, na huenda umesikia kwamba huu ni mwaka mwepesi: mtihani wa KCPE umekwenda, namba moja na namba ya mkiani hazitangazwi tena, mtoto anajifunza kwa kutenda. Yote ni kweli. Ndiyo sababu unahitaji mwongozo. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja. Utashindwa, lakini utashindwa kwa utaratibu, na siku hizi utaratibu nao hupewa alama.

Kwanza, fahamu ni nani hasa aliyesajiliwa shuleni. Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulianza nchini kote Januari 2019 na ukaifikia Gredi ya Sita mwaka wa 2022. Wakubwa sasa wanauita CBE, ila hilo lisikupe presha. Herufi ndiyo iliyobadilika, orodha ya vifaa iko palepale. Mojawapo ya nguzo zake ni kuwashirikisha wazazi. Utashirikishwa saa tatu usiku, kwenye WhatsApp: "Wazazi, hamjambo. Kesho kila mwanafunzi aje na manila mbili, gundi, na picha ya rangi ya kiongozi mmoja wa Afrika Mashariki." Usithubutu kuuliza kwa nini ujumbe haukuja mchana. Andika "Asante mwalimu, tumepokea", weka na mikono miwili ya maombi, halafu anza kuhangaika. Duka la karibu limefungwa. Saiba yenye printa ya rangi iko Mbita, pengine Sindo ukiwa na bahati. Mpigie mtu wa boda unayemwamini, mwenye taa ya mbele. Onyo: nauli itaishinda bei ya manila mara kadhaa, na kazi yenyewe itaitwa mradi wa kutumia vifaa vinavyopatikana katika mazingira yetu.

Pili, ufanye mradi huo, lakini usiufanye vizuri. Hapa ndipo wageni wanapoumia. Mwalimu anajua kwamba kazi ni ya mzazi. Mzazi anajua kwamba mwalimu anajua. Mtoto, ambaye alilala zamani, anawajua nyote wawili. Asubuhi kazi itapokewa, itabandikwa ukutani na kupigwa picha ya ushahidi, na hakuna atakayesema neno. Basi heshimu maelewano hayo. Pindisha mstari mmoja. Kiongozi wa pichani mkate sikio kidogo. Kosea tahajia ya neno moja, neno jepesi. Mzazi aliyezidisha ufundi hujulikana haraka, na mkutano ujao huchaguliwa mwenyekiti wa wazazi wa darasa, cheo kisicho na marupurupu wala njia ya kujiuzulu.

Tatu, zoea masomo. Yalikuwa mengi mpaka jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu, lililokabidhi ripoti yake mwaka wa 2023, likasema yapunguzwe. Sasa ni manane. Usishangilie. Hayakufa, yaliungana kama vyama vya siasa vinavyonusa uchaguzi. Sayansi Kimu imehamia kwa Kilimo, na muziki, uchoraji na michezo wanaishi pamoja ndani ya Sanaa Bunifu. Madaftari yamepungua, vifaa vimebaki vilevile.

Kilimo unakijua tangu Gredi ya Nne, ule mwaka ambao wazazi wa Kenya nzima walikesha wakishona sanamu za kutishia wanyama shambani. Wazazi wa Nairobi walilalamika kwamba hawana shamba. Sisi wa Lambwe tulikuwa na tatizo tofauti: tuna shamba, na wanyama tunao. Mbuga ya Ruma iko mlangoni. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka wa 1966, ikafanywa mbuga ya taifa 1983, na ndiyo makao ya mwisho ya swala aina ya korongo katika Kenya nzima. Ina nyati pia. Nyati hajawahi kufanyiwa tathmini ya umilisi, na akiingia kwenye mahindi haangalii kama sanamu imevaa shati la baba au la binamu. Mwanao alipewa alama za juu kwa sanamu ile. Mahindi yalikwenda, na lile shati usiliulize.

Sayansi na Teknolojia itamtaka mtoto achunguze wadudu. Nafuu, utasema, wadudu hatununui. Bonde hili limejulikana vizazi na vizazi kwa mbung'o na kwa malale, ugonjwa uliowahamisha watu na kuua mifugo, na wataalamu wamekuwa wakitundika mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa kuwa rangi hizo humvuta mbung'o. Mtoto atalieleza jambo hilo vizuri sana mbele ya darasa. Sasa simama kando ya barabara ya Homa Bay kwenda Mbita saa kumi na mbili asubuhi uhesabu sweta za shule zenye rangi ya buluu. Umilisi wa kufikiri kwa kina unamtaka mtoto auhusishe ujuzi na maisha yake. Mwombe asiuhusishe kwa sauti. Sare imeshashonwa, na fundi amelipwa.

Kuhusu muziki, utanunua rekoda. Ni filimbi ya plastiki iliyotoka Ulaya, na mtaala unaitaja kwa jina. Wewe unaishi katika nchi ya nyatiti na orutu, pengine baba yako mwenyewe ni fundi wa nyatiti anayealikwa kwenye matanga hadi Ndhiwa na Migori. Hilo ni jambo zuri sana na halitakusaidia. Nunua rekoda. Mtoto atajifunza noti tatu, na noti hizo tatu utazisikia kila jioni mpaka ng'ombe waanze kurudi nyumbani mapema wajue kuna nini. Ukijaribu kumpeleka babu shuleni kama mtaalamu mwalikwa, jitayarishe: mtaala unaruhusu, unahimiza kabisa, ila ataulizwa barua ya chifu.

Masomo ya Jamii hayana shida. Mwaka huu ni nchi za Mashariki mwa Afrika, na mtoto atalichora Ziwa Victoria mara nyingi hivi kwamba penseli ya buluu itakwisha. Ziwa lenyewe liko hapo chini. Hakuna anayepelekwa kuliangalia. Ziara ya masomo ni Nairobi, na michango inaanza wiki ijayo.

Nne, chagua dini. Mtaala unatoa tatu: ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Usipojiona humo, chagua ile yenye mwalimu. Ukitaka mwanao asome Uyahudi, itabidi uvuke mpaka hadi Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jamii iliyoingia katika dini hiyo nyuma ya kiongozi wao Semei Kakungulu mwaka wa 1919. Wana shule yao ya msingi, Hadassah, ambako mtoto husoma Kiebrania juu ya silabasi nzima ya serikali ya Uganda, na Jumamosi ni siku ya mapumziko. Inavutia. Lakini kabla hujafunga virago, ujue kwamba huko mtihani wa taifa uko darasa la saba, kwa hiyo utakuwa umeahirisha presha kwa mwaka mmoja.

Isitoshe, Jumamosi hata kwetu ina wenyewe. Wasabato walianzisha misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na hapa kando ya ziwa kanisa lao halikosekani. Masomo ya ziada yakiwekwa Jumamosi, watoto wao hawaji. Yakiwekwa Jumapili, wengine wote hawaji. Maridhiano yaliyofikiwa katika shule nyingi ni saa kumi na moja alfajiri, siku za wiki, saa ambayo Waislamu peke yao wangekuwa na haki ya kuidai, na hapa bondeni ni wachache na wana subira. Tahadhari: mtoto atasinzia saa nne asubuhi, na kwenye ripoti itaandikwa kwamba mzazi aongeze ushirikiano.

Tano, jifunze msamiati wa pesa. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003. Serikali hutoa shilingi 1,420 kwa kila mtoto kwa mwaka. Gawanya kwa mihula mitatu upate kama shilingi 473, na hapo chaki, karatasi na ukarabati vinangoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inapiga marufuku tuisheni ya likizo, hivyo tuisheni haipo. Kilichopo ni rimidio. Ni kambi. Ni kusukuma silabasi, silabasi ambayo inaonekana imekwama matopeni tangu Mei. Kuna pia motisha, ambayo ni ya hiari, na majina ya waliokataa hiari husomwa kwenye mkutano. Usiombe risiti mbele ya watu. Mwenye kuomba risiti huulizwa, kwa upole wa kutisha, kama ana tatizo na walimu.

Sita, elewa alama, au uigize kwamba umeelewa. Kulingana na hesabu ya baraza la mitihani, KNEC, Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita kila moja ina asilimia 20 kutokana na tathmini za shuleni, na mtihani wa mwisho, KPSEA, unabeba asilimia 40. Maana yake ni kwamba zile kazi za Gredi ya Nne, ulizozifanya ukiwa umechoka na taa ya koroboi, zilikuwa za maana na sasa haziwezi kurudiwa. Walimu hupakua kazi kutoka kwenye tovuti ya KNEC, wanazichapisha, wanasahihisha, kisha wanapandisha alama kwa intaneti ya bando lao wenyewe. Ukimkuta mwalimu amesimama juu ya kichuguu akiinua simu mbinguni, usidhani anaomba. Anapandisha alama. Pita kimya, ukimsalimu mtandao unakatika na lawama ni zako.

Alama zenyewe hazina namba. Mtoto anaweza kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, au kuwa chini yake. Ni mwiko kuuliza amekuwa wa ngapi. Uliza hivi: "Mwalimu, kwa jumla darasa limefanyaje?" Kisha nyamaza. Endelea kunyamaza. Mwalimu atatazama mlango, atashusha sauti, na atakutajia namba. Wazazi wote wamefanya hivyo kabla yako, kwa hiyo ukifika sokoni Nyatoto utakuta orodha kamili, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, katika nchi iliyofuta orodha. Na usijifanye hukuuliza. Wameshajua ulikaa ofisini dakika ngapi.

Saba, jiandae kwa KPSEA yenyewe. Ilifanywa kwa mara ya kwanza Novemba 2022, na zaidi ya watoto milioni moja wakaikalia. Hapa mtaala unaonyesha ucheshi wake. Kwa miaka mitatu mwanao ameshona sanamu, amepuliza rekoda, amepanda sukuma wiki kwenye gunia, amehojiana na wazee, amefanya kazi kwa vikundi. Amejifunza kwa kutenda. Siku ya mwisho ataketi peke yake, kimya, na umilisi wote huo atauthibitisha kwa kuchagua A, B, C au D na kupaka kisanduku kwa penseli. Kwa hiyo nunua penseli nzuri. Ipeleke kwenye siku ya maombi pamoja na kalamu na rula ziwekewe mikono na mchungaji. Utachangia kuku na soda. Mashangazi watatuma kadi za heri, za rangi ya dhahabu, na ndani mtoto ataambiwa asiiaibishe familia katika mtihani ambao kwa maelezo ya Wizara haupo ili kumfelisha mtu.

Na kweli haumfelishi. Hatua ya nane, ambayo wazazi wengi huikataa hata baada ya kuelezwa mara mbili, ni kukubali kwamba KPSEA haimpangii mtoto shule. Hakuna atakayekaririshwa, wala hakuna barua ya kumwita shule ya kitaifa kwa sababu yake. Tangu Januari 2023 sekondari msingi imewekwa katika shule za msingi zilezile, kwa hiyo mwanao atahama kutoka darasa moja hadi lile linalotazamana nalo, akivuka uwanja uleule anaoufagia sasa. Sare mpya ni lazima. Begi la zamani litakataliwa, na mtoto mwenyewe ndiye atakayelikataa.

Matokeo yakitoka, mwanao atakuwa anakaribia matarajio na wa jirani atakuwa ameyazidi. Jirani atachinja mbuzi. Nenda ule, mpongeze kwa sauti, na usiguse habari za Januari, kwa sababu Januari watoto wote wawili wataketi benchi moja Gredi ya Saba wakimngoja mwalimu wa Sayansi ambaye bado hajaletwa. Alama za KPSEA zitakaa kwa KNEC hadi Gredi ya Tisa, na huko zitahesabiwa asilimia 20; asilimia 60 ni za mtihani mwingine kabisa. Mpaka siku hiyo, tunza cheti cha kuzaliwa cha mtoto mahali pakavu, usitoke kwenye lile kundi la WhatsApp, na usiuze rekoda. Mdogo wake anaingia Gredi ya Nne.