Koti Langu Limetekwa na Waingereza

Ukiwa na mtoto kaminuza, yaani chuo kikuu, ndugu yangu, usihesabu kitu chochote ndani ya nyumba kuwa ni chako. Mimi nauza vipuri vya magari hapa Buyenzi, na kila boliti la dukani nalijua lilipo, hata umeme ukikatika. Nyumbani sijui hata soksi zangu zinalala wapi.

Wa kulaumiwa ni Profesa, kifungua mimba wetu, anayesoma Kiingereza pale Mutanga. Jina hilo alipewa na bibi yake zamani, siku alipomsahihisha ustadhi wa madrasa mbele ya wazazi. Tulitegemea ataleta diploma. Yeye huleta mitindo. Alianza na singeli ya Dar es Salaam, ile ya Tandale na Manzese inayokwenda mbio za kufukuzwa na polisi, mpaka mapacha wetu, Nyundo na Msumari, wakawa wanakula wali kwa mwendo huo huo. Ikaja amapiano ya Afrika Kusini, tukashusha pumzi. Katikati hapo akapitia uchoraji, na ukutani mwa choo likatokea jicho kubwa la buluu linalokutazama wakati ambao mtu hapendi kutazamwa. Shemeji Kesho aliapa haingii tena humo, akawa anavuka avenyu kwenda kujisaidia kwa majirani.

Huyu Shemeji Kesho ni ndugu wa mke wangu. Alikuja kulala usiku mmoja tu kwa kuwa basi la Rumonge lilikuwa limemwacha. Mapacha walikuwa hawajazaliwa. Ukimwuliza ataondoka lini, jibu lake ndilo jina lake. Lakini tuyaache hayo, nisije nikapandisha presha bure.

Mwaka huu Profesa ameigundua London. Tena siyo London ya leo, ambayo angalau mtu angeiona kwenye televisheni, bali London ya 1980. Alituwekea kikao tukiwa mezani, ndagala zinapoa. Kuna kundi, akasema, linaitwa Adam and the Ants, lenye wapiga dramu wawili badala ya mmoja. Mwimbaji wake anavaa koti la kijeshi la enzi za wafalme, lenye kamba za dhahabu kifuani, na anajichora mstari mweupe kutoka shavu hadi shavu kupitia puani. Kuna na mama mmoja mshonaji, Vivienne Westwood, ambaye mwaka 1981 yeye na mwenzake Malcolm McLaren waliwavisha watu nguo za maharamia wa baharini, na vijana wa London wakazigombania.

“Papa, huu ndio muziki mpya,” akamalizia.

Mpya! Mimi nilipiga hesabu kimyakimya nikaona muziki huo ungeweza kuwa na wajukuu.

Kesho yake asubuhi alitoka chumbani na mstari wake puani. Alitumia dawa ya meno, yangu. Mama yangu, ambaye sote tunamwita Bibi Komando, aliacha tasbihi akamshika kidevu: “Nani amekupiga, mjukuu wangu?” Kabla hajajibiwa, Tantine Redio, mtangazaji wetu wa habari za mtaa, alikuwa ameshapita mlangoni, na yeye hahitaji maelezo marefu. Kufikia saa nne, habari ilikuwa imefika soko la Ruvumera kwamba mtoto wangu amevunjwa pua kwa ajili ya msichana wa Nyakabiga. Watu wakaja kutupa pole. Mke wangu akawapikia chai, sukari ya wiki nzima ikaisha. Nyundo na Msumari wakaenda shule na mistari yao, nami nikaitwa kwa mwalimu. Kule nilisimama natetea utamaduni wa Kiingereza nisioujua.

Siku muziki wenyewe ulipopigwa kwa spika kubwa ndipo mambo yalipopinda. Niliingia sebuleni nimejiandaa kuzima, maneno yangu yote nimeyapanga. Nikamkuta Bibi Komando amesimama katikati ya mkeka, kichwa kimeinama upande mmoja.

“Zima hao wanaopiga kelele,” akamwambia Profesa, “uniachie ngoma.”

“Bibi, haiwezekani kuwatenganisha.”

“Hiyo ni ingoma. Mimi nimezaliwa milimani, ng'ambo ya Gitega. Utanifundisha wewe?”

Profesa badala ya kuaibika akang'aa uso. Kumbe alikuwa analisubiri hilo kwa hamu! Akatueleza kwamba Wafaransa waliwarekodi wapiga ngoma wetu mwaka 1967 na kutoa sahani huko kwao. Mwaka 1971 ikatoka nyingine huko huko Ufaransa, “Burundi Black”, ngoma zile zile zikiwa zimetiliwa piano na gitaa. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akazitia ndani ya wimbo wake. Miaka mitano baadaye vijana wa London wakajenga fasheni nzima juu ya mdundo ule, na wenyewe waliuita kwa jina la nchi yetu. Kwa hiyo dawa yangu ya meno ilikuwa imeteketea kwa kuwaiga Wazungu waliokuwa wanatuiga sisi.

“Na waliopiga walilipwa?” mke wangu akauliza kutoka jikoni. Ana masikio hayo, mke wangu. Ndiye Hakimu wa nyumba hii. Hasemi sana, lakini akiuliza swali, mshtakiwa hutafuta pa kushika. Profesa aliongeza sauti ya spika.

Nilidhani sasa nimepata msaidizi, kwamba mama yangu atamrudisha kijana kwenye njia. Weee! Bibi Komando aligeuza ndoo ya kufulia, akaomba mwiko, akaanza kumwonyesha mjukuu wake pale London ilipokosea. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba ngoma zetu ziliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, si za kuchezea, na kwamba amri ya rais ya Oktoba 2017 hairuhusu mwanamke kuzipiga. Akaniuliza kama amri hiyo imetaja ndoo.

Nilimgeukia Hakimu nikitafuta huruma. Akanikumbusha suruali. Naye kila nikilalamika juu ya mavazi ya mtoto hunikumbusha suruali zile pana nilizovaa nikiwa kijana, kwa ajili ya Papa Wemba, mfalme wa wale wapenda kupendeza wa Kinshasa, aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016. Siku ile sikufungua duka. Nilisema nina malaria. Hakimu anajua nilikuwa na nini.

Sasa tufike kwenye koti.

Mpwa wangu anaoa Rumonge, na mimi ndiye msemaji wa ukoo. Asubuhi ya safari nikafungua kabati kutoa koti langu la harusi, jeusi, la heshima, ambalo huliacha litoke kwa posa na maziko tu. Nikakuta jenerali. Mabega yamepandishwa. Kifuani kamba za dhahabu zimepita safu kwa safu, na vishada vinaning'inia. Nilivitambua vile vishada. Vilikuwa vya mapazia ya sebuleni.

“Fundi cherehani alifanya bure, Papa,” Profesa akasema. “Alipenda mchoro.”

Nje basi linapiga honi, wazee wameshakaa, Tantine Redio amekaa dirishani. Koti jingine sina. La Shemeji Kesho lilikuwa kwa dobi, na nilipolitazama vizuri wiki iliyofuata nikaona na lenyewe ni langu. Hakimu akanikung'uta mabega, akasema, “Baba Pacha, tembea tu. Ukitembea vizuri hawatauliza.”

Ile barabara inafuata ziwa muda wote, na siku nyingine ningefurahia upepo. Tulipopita Mugere, penye jiwe la Livingstone na Stanley waliofika hapo Novemba 1871, wazee walinyamaza, wakalitazama jiwe, wakanitazama mimi.

Rumonge walinipokea kwa kusimama. Nikapewa kiti chenye mito. Mzee wa upande wa pili, mfanyabiashara wa mawese mwenye macho makali, alinisalimu kwa mikono miwili na kuuliza kazi yangu kwa sauti ya chini. Nikasema vipuri. Akatabasamu, kama mtu aliyeelewa kwamba siri za serikali hazisemwi hadharani. Unajua kwetu ng'ombe wa posa siku hizi hulipwa faranga, ila bado huhesabiwa ng'ombe. Tulikuwa tumejipanga kuanza chini na kulia njaa. Hebu nawe jaribu kulia njaa ukiwa na dhahabu kifuani! Kila nilipotaja ugumu wa maisha, kishada kilitikisika. Mahari ikapanda pale pale, na dada yangu hajasema nami hadi leo, isipokuwa kupitia Tantine Redio.

Profesa anasema koti limethibitisha hoja yake kuhusu mavazi na madaraka, na ameiandika yote kwenye kazi yake ya chuo. Mwalimu wake amempa alama nzuri. Sebuleni mapazia yamefungwa kwa kamba za katani.

Sasa amerudi nyuma hadi 1976, kwenye punk, ambako huyo huyo mama Westwood aliwavisha vijana nguo zilizochanwa makusudi na kushikizwa kwa pini. Hakimu amehesabu pini zake za mitandio na kuzifungia. Mimi suruali zangu zote nimezihamishia dukani, nyuma ya mabeseni ya grisi, na asubuhi hutoka nyumbani na kikoi.