Majibu kwa Wawindaji Waliolowa

Mwindaji wa Missoula, jimbo la Montana nchini Marekani, anayejiita Mlowevu, analeta malalamiko dhidi ya koti lake la mvua, ambalo anakiri kuwa alilinunua kwa fedha ambazo mkewe hajatajiwa mpaka sasa. Alipanda nalo mlima mwezi wa Oktoba akimfuatia elki, yaani kulungu mkubwa wa Milima ya Rocky ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300, mvua ikanyesha mchana kutwa, na alipofika juu fulana yake ilikuwa inakamulika. Anauliza iwapo muuzaji anaweza kushtakiwa.

Kabla ya kwenda mahakamani yafaa ithibitike kwanza kama maji hayo yaliingia kutoka nje au yalitoka mwilini mwa mlalamikaji mwenyewe, kwa kuwa maelezo yake kwamba alivaa sweta mbili na kupanda kwa kasi ili asiachwe na wenzake yanaelekea kumwokoa mshtakiwa. Koti la aina hiyo huwa na matabaka matatu yaliyogandishwa pamoja: kitambaa cha nailoni kwa nje, bitana nyepesi kwa ndani, na katikati utando, yaani ngozi nyembamba ya plastiki. Utando uliotangulia kupata sifa ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani Robert Gore, ambaye mwaka 1969 aliivuta kwa ghafla plastiki iliyopashwa moto, ya aina ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, ikarefuka na kujaa vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji halivipenyi ilhali mvuke wa jasho huvipenya.

Hata hivyo, kitundu hakiufyonzi mvuke. Mvuke hutoka kwa sababu ndani ya koti mna joto na unyevu kuliko nje, na tofauti hiyo ikipungua, safari yake nayo hupungua. Lebo za makoti hutaja gramu za mvuke zinazopita katika mita moja ya mraba kwa saa 24, na koti zuri huandikwa 20,000, kiasi ambacho kikigawanywa kwa saa huwa ni gramu 830 hivi, tena katika hali ya maabara iliyochaguliwa na mwenye kuuza. Mtu anayepanda mlima na mzigo huweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa, na mgongo wake wote umezibwa na mkoba. Hesabu hii haihitaji wakili. Mlowevu anashauriwa kuvua sweta zote mbili kabla ya kuanza kupanda, kubaki na fulana nyembamba ya sufu, kufungua zipu za kwapani, kupunguza mwendo, na kuliacha koti mkobani ikiwa ni manyunyu tu, kisha kuvaa nguo za joto afikapo juu, kabla hajaanza kutetemeka. Ikiwa fulana iliyokamulika ilikuwa ya pamba, na aibadili mara moja, kwani pamba hushika maji na kuupora mwili joto, na mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 za Selisiasi mtu huingia katika haipothemia, hali ya baridi ya ndani inayovuruga akili kabla ya kuua, na ambayo huja hata pasipo theluji. Kuhusu bei ya koti na mkewe, safu hii haina mamlaka.

Mama mmoja wa Anchorage, Alaska, anaeleza kwamba mumewe amepiga marufuku koti lake la kuwindia lisifuliwe kwa miaka mitatu sasa, kwa hoja kwamba sabuni itaua dawa, na kwamba koti hilo hutangulia kunuka sebuleni kabla mwenyewe hajaingia.

Mama huyo ana haki kwa pande zote, pamoja na upande wa kulungu, ambaye pua yake hailinganishwi na ya mke yeyote. Dawa inayosemwa ni ile inayopakwa juu ya nailoni ili matone yaviringike na kuanguka, na kinachoizima upesi ni moshi, mafuta ya mwili na damu iliyokauka. Dawa ikizimwa, kitambaa cha nje hulowa na kuwa kizito na cha baridi. Utando hauvuji, lakini mvuke hauna pa kutokea, nao hugeuka maji ndani, na mume hurudi akilaani kiwanda. Koti lifuliwe kwa sabuni maalumu ya maji isiyo na kilainishi, lisuuzwe mara mbili, likaushwe kwa mashine yenye joto dogo, maana joto huiamsha dawa. Matone yakiendelea kusambaa, lipuliziwe dawa mpya. Inafaa mume afahamu pia kwamba dawa za zamani zenye kemikali za florini, ambazo haziozi katika mazingira, zinaondolewa sokoni. California imezipiga marufuku katika nguo nyingi tangu mwaka 2025, ikitoa muda zaidi kwa mavazi ya mvua kali, na zinazochukua nafasi yake hushindwa na mafuta kwa urahisi zaidi, hivyo huhitaji kufuliwa mara nyingi zaidi.

Kutoka kisiwa cha Kodiak, hukohuko Alaska, anaandika mwindaji ambaye koti lake la gramu chache lilichanwa na vichaka siku ya kwanza, huku wenzake, waliovaa nguo za mpira za wavuvi, wakimcheka.

Wenzake wana historia upande wao, kwani Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati mwaka 1823, na nguo hiyo haikuhitaji vitundu vyovyote. Anayekaa mashuani au kwenye jabali akitazama kwa darubini asivae kingine. Anayepanda atachemka ndani yake, naye anahitaji matabaka matatu yenye nailoni ya denia 70 au zaidi, denia ikiwa ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi. Makoti mepesi ya denia 20 ni ya njia zilizofyekwa, na Kodiak haijafyekwa. Achague uso laini, kwa kuwa nailoni ngumu hulia kila mkono unapoinuka. La kushangaza ni kwamba wanunuzi humaliza fedha kwenye koti na kununua suruali ya bei rahisi, wakati katika majani marefu maji mengi humpata mtu chini ya kiuno, na suruali isiyo na zipu ndefu ubavuni haivaliki juu ya buti katikati ya mvua.

Msomaji wa Nairobi anataka koti la mvua lenye mabaka ya kijani la kuwindia. Uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, na mabaka yanayofanana na sare za jeshi humpeleka raia kituoni upesi kuliko mvua inavyomlowesha. Kwa milima ya Aberdare na kamera, anunue lenye rangi moja.