Saa za Watu na Saa za Namba

Mwaka 1982, kanuni za barua pepe ziitwazo RFC 822 zilipogawa majira, Marekani ilipewa majina: EST, CST, MST, PST, kila moja na pacha wake wa kiangazi. Dunia iliyobaki, ukiiondoa Greenwich, ikaambiwa ijihesabu kwa tarakimu. Ndiyo maana Nairobi, Riyadh na Moscow zote ni +0300, kama wafungwa wa selo moja.

Kulikuwa pia na herufi za kijeshi za kutaja majira, A hadi Z, J ikiachwa nje. Wataalamu wakaziandika kinyumenyume: penye jumlisha wakaweka toa. Mwaka 1989 ikakiriwa kwamba zimekosewa. 2001 likatoka agizo kwamba ukizikuta, zisome kama -0000.

Naam, hasi sufuri. Mwalimu wangu wa hesabu angenichapa, lakini ina maana yake: saa ni ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, ila mtumaji alikokuwa hakusemwi. Kwa bosi anayeagiza ripoti ya haraka akiwa ufukweni, sijaona majira yanayomfaa zaidi.