Kwa Anayekwenda Kupima kwa Mara ya Kwanza

Ndugu uliyezoea kumeza vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa na kurudi kazini, homa ya safari hii imekataa, nawe umeamua kwenda kupima. Hongera. Kabla hujapanda daladala, soma haya.

Anzia zahanati, lakini usibebe orodha ndefu. Utakuta kipimo cha malaria, cha VVU, mkojo, wingi wa damu, na siku ya bahati, sukari. Kile kikadi cha malaria kiheshimu. Hakitaki umeme wala jokofu, na katika dakika ishirini hivi umeshajua. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na agizo hilo lisingetekelezeka vijijini bila kikadi hiki. Ila usikirudie wiki mbili baada ya kumaliza dozi. Aina inayotumika sana husaka protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Wako waliomeza dozi ya pili kutibu masalia.

Kikadi kikisema huna malaria, jiandae kuwa na taifodi. Hapa ndipo wengi hupotelea. Utatolewa damu kidogo, itachanganywa na kimiminika juu ya kigae, na mtaalamu (mwite daktari, ataitika) ataangalia kama vinatokea vipunje. Ni kipimo cha Widal, Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896, na hadi leo kinapendwa kwa sababu ni rahisi na majibu hayachelewi. Tatizo ni kwamba vipunje humtokea pia aliyeugua taifodi zamani, aliyechanjwa, na hata mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana kitabuni kinatakiwa kurudiwa baada ya siku kumi hivi ili kulinganisha. Nani amewahi kuambiwa arudi? Utapewa karatasi yenye “1:160” na utaitaja mtaani kama alama za mtihani, kisha utaanza sindano. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu ili bakteria mwenyewe aonekane. Hicho huchukua siku kadhaa, nacho utakipata hospitali kubwa, baada ya kuwa umeshamaliza dawa zilizomuua huyo bakteria, kama alikuwapo.

Hospitali ya wilaya ina mashine. Utaitambua kwa kitambaa kilichotandikwa juu yake kuzuia vumbi. Kosa la mgeni ni kuuliza, “Mashine ipo?” Ipo, hata siku ya uzinduzi ilipigwa picha na viongozi. Uliza, “Vitendanishi vipo?”, yaani kemikali za kupimia. Mashine nyingi hazikubali vitendanishi vya kampuni nyingine isipokuwa ile iliyozitengeneza, kwa hiyo aliyetupa mashine kama zawadi ametufungulia pia akaunti dukani kwake. Bajeti ikikwama, mashine nayo inakwama. Ikiharibika, fundi yuko mji mwingine au nchi nyingine. Usimlaumu kijana wa dirishani anayekuandikia kipimo “ukafanye nje”. Yeye amesomea kupima, hakusomea manunuzi.

Ukishangaa kwa nini hali iko hivi, kumbuka kwamba orodha ya dunia ya dawa muhimu ilitoka 1977, na ya vipimo muhimu ikasubiri hadi 2018. Kwa miaka 41 tulihimizwa kuwa na dawa, lakini ya nani na ya ugonjwa gani, tulikisia. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 47 ya watu duniani hawavifikii vipimo, au wanavifikia kwa shida. Kwa hiyo foleni hiyo si yako peke yako.

Kama kikohozi kimezidi wiki mbili, utaombwa makohozi. Toa makohozi kweli, mate hayasaidii. Mashine ya GeneXpert hutoa majibu ya kifua kikuu chini ya saa mbili, ila hizo saa mbili huhesabiwa kuanzia kikopo kinapoingia mashineni. Siku za kusubiri usafiri hazimo. Uganda walilipunguza tatizo hilo kwa kuajiri waendesha pikipiki wa kuzungusha sampuli kati ya vituo na maabara, jambo la akili kuliko mashine nyingi. Morogoro, shirika la APOPO lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hufundisha panya buku kunusa makohozi ambayo kliniki zimeshayapima. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini, na anayoyashuku hurudiwa maabara kwa njia za kawaida.

Kwa hiyo inawezekana ukaambiwa huna kitu, ukaenda zako, halafu ukapigiwa simu kwamba panya ana maoni tofauti. Usikate simu ukidhani ni matapeli. Na dirishani andika namba yako mwenyewe, ile iliyo hewani, usiandike ya shemeji.