Wenye Kusomwa Wako Biashara Street

Waandishi wetu wa hadithi za mtandaoni wana kilio kimoja: wanatundika sura nzima kwenye makundi ya wachoraji, na watu wanapita tu. Mchoro wa paka ukiwekwa saa hiyohiyo unamiminiwa mioyo hadi usiku wa manane. Basi lawama zote anabebeshwa msomaji, eti hasomi.

Hasomi? Hebu shuka Biashara Street, Mombasa, usimame karibu na duka la Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla", walioanza biashara mwaka 1887. Tazama mama anavyonunua leso. Muuzaji anamsifia rangi, anamsifia kitambaa. Mama hana habari naye. Anaikunjua, anaruka pindo, anaruka mji wa katikati, kidole kinatua kwenye jina, yale maneno ya leso. Anasoma midomo ikimcheza, anamkumbuka jirani, anatabasamu. "Nifungie hii, mwanangu." Kalipia doti nzima, picha na maandishi, na kesho atayatembeza mtaani bila kudai hata shilingi ya matangazo.

Aliyetunga maneno yale hakuweka jina lake, wala hakuomba kupendwa. Alipewa mstari mmoja chini ya maua na korosho, na alimjua vizuri anayemwandikia, na hata mtu aliyekosana na mnunuzi huyo.

Wewe, bwana mwandishi, umefungua hadithi kwa mvua. Aya ya tatu bado inanyesha, na hajatokea hata mtu mmoja wa kugombana naye.