Mwongozo wa Kuharibu Maandishi ya Filamu kwa Nia Njema

Umetazama filamu ya Kifaransa, ukaona maandishi ya tafsiri pale chini hayajakaa sawa. Programu inayoyaonyesha ni huria, msimbo uko wazi kwa yeyote, na jioni nzima ni yako. Hongera. Fuata hatua hizi.

Kwanza, amini kwamba kazi ni ndogo. Fungua faili la .srt: namba, muda, sentensi, mstari mtupu. Basi. Nani atashindwa na hilo?

Pili, rangi. Nyeupe inapendeza mpaka bibi harusi aingie na shela lake. Zungushia herufi ukingo mweusi. Ukiwa mwembamba hausaidii. Ukiwa mnene, "e" na "a" zinazibwa macho. Ukichoka, weka kisanduku cheusi nyuma ya maneno, umfunike mdomo anayeongea.

Tatu, ukubwa. Hapa ndipo wengi huzikwa. FFmpeg, programu ya kuchakata video, ikiipa libass, maktaba inayochora herufi, faili la .srt, huhesabu kwamba picha ina mistari 288 tu kwenda juu. Kwa hiyo ukubwa wa 16, kwenye video ya mistari 1080, hutoka kama pikseli 60. Wewe usiye na habari utataka pikseli 60, utaandika 60, utapata 225. "Nakupenda" litajaza kama nusu ya upana wa skrini, na wapendanao watabaki paji la uso.

Nne, punguza uzito. Utakuta programu inabeba HarfBuzz na FriBidi, maktaba za kuunganisha herufi na kupanga mwelekeo wake, na sentensi zako za Kiswahili hazionekani kuzihitaji. Ziondoe. Msomaji wa Kiarabu atakuta herufi zilizozoea kushikana mikono zimeachana, na sentensi inaanzia mwisho. Atakuandikia. Hutaipenda barua yake.

Tano, lazimisha kila faili lisomwe kwa usimbaji wa Windows-1252, maana lile la kwanza ulilojaribia lilisomeka hivyo. Lililohifadhiwa kwa UTF-8 litakuletea "cafÃ©" mezani, na mhusika atainywa bila kulalamika.

Sita, tumia fonti yako kila mahali, hata kwenye mafaili ya ASS, yanayobeba fonti, rangi na mahali pa kila sentensi. Wapenzi wa katuni za Kijapani hukesha wakilaza tafsiri ya kibao cha duka juu ya kibao chenyewe, kwa mshazari na rangi yake, kisha wakaifungasha fonti ndani ya faili la Matroska. Wewe shusha vyote chini, viwe vyeupe. Sasa muuza samaki anasema "Tumefunga", na mlango uko wazi.

Mwisho, majaribio. Mketishe mama mbele ya televisheni. Akisema, "Mwanangu, maandishi haya yamekaa vizuri," bado hujamaliza. Rudi kwenye msimbo. Siku atakapofyonya na kusema, "Huyu mwanamume mwongo huyu," usiguse kitu tena. Zima kompyuta, ulale.