Bibi Aliyevaa Turubai

Kazi yangu ni kuvisha watu wasio na miili. Wahusika wa katuni za kompyuta hunifikia uchi, wa kijivu kama udongo wa mfinyanzi, nami nawapaka nguo. Hapa Mpanda fundi cherehani anaheshimika. Mimi mama mwenye nyumba ananijua kama kijana asiye na kazi anayemmalizia umeme.

Siku moja nikaletewa bibi muuza asali, avalishwe kanga. Nikacheka. Kanga nimebebwa nayo mgongoni, itanishinda?

Nilipomaliza nikamwita Shangazi, aliyekuwa amefika kwa treni kutoka Ugalla na dumu lake la asali. Akavaa miwani, akakodoa.

"Baba, mbona bibi wa watu umemvika turubai?"

Kweli, aling'aa kama bati jipya. Katika programu ya Blender kuna namba moja inayoamua mng'ao: ikiwa 0 kitu kinameremeta kama kioo, ikikaribia 1 kinapoa kama pamba. Yangu ilikuwa 0.2. Nikaipandisha.

"Na haya maandishi ni Kiswahili cha wapi?"

Hapo uvivu wangu ulijianika. Ili nipunguze kazi nilichora upande mmoja wa mwili, nikaiamuru programu igeuze upande wa pili kama kwenye kioo. Kulia kanga ilisema MTANIELEWA TU. Kushoto ikasema UT AWELEINATM. Ubaya wake, herufi M, T, A, I, W na U hata zikigeuzwa hazibadiliki sura, kwa hiyo jicho langu lilipita bila kushtuka. Shangazi hakupita. Kwake kanga ina pindo, mji na jina, na jina lisiposomeka umenunua shuka.

"Njoo kwangu uone kanga inavyovaliwa," akasema. "Ila uvae nguo ya khaki."

Nani anasikiliza ushauri wa mavazi wa shangazi yake? Nikaenda na shati jipya la bluu na suruali nyeusi. Wanaopambana na mbung'o hutengeneza mitego yao kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa kuwa rangi hizo humvuta mdudu huyo. Wao huning'iniza mtego mtini. Mimi nilijileta kwa miguu yangu hadi kwenye miombo, tena nikiwa na damu ndani. Na mbung'o hajali shati. Mdomo wake unapita katikati ya nyuzi kana kwamba zilifumwa kwa ajili yake.

Katikati ya kujipiga makofi ndipo nikaona nilichofuata. Kanga ya Shangazi ilikuwa imepauka kwenye nyonga, lakini pale alipoikunja kiunoni, jua lisipofika, rangi ilikuwa bado ile ya dukani. Pindo la chini lilikunywa vumbi jekundu. Kulikuwa na tundu la cheche ya jikoni, na kwenye pembe fundo la hela, limekaza mpaka kitambaa chote kinaelekea huko. Kanga yangu ya kompyuta ilikuwa haijawahi kwenda popote.

Nikapiga picha kwa simu, mkono mmoja ukipiga picha, mwingine ukipiga mbung'o. Usiku, mgongo umevimba, nikachukua picha moja ya karibu ya nyuzi na kuitandaza juu ya kanga ya bibi kama vigae, mara nne kwa nne. Sikuikagua.

Mteja alifurahi. Akasifu kila kitu: kupauka, vumbi, fundo. Akasifu zaidi "yale maua madogo ya kahawia, yamepangika vizuri". Nikavuta picha karibu.

Alikuwa mbung'o. Mmoja, mara 16.

Nimelipwa, na sijamwambia. Nawe ukienda Ugalla, shati la bluu liache nyumbani.